Kabla Hujanunua Mazabodi Mpya ya Gemu: Dalili, Vyanzo na Bodi Inayokufaa

Wiki haipiti hapa Dodoma bila mtu kuniletea kompyuta ya gemu mikononi na hukumu mdomoni: "Fundi, bodi imechoka hii, nataka nyingine." Mara nyingi bodi haina kosa lolote. Na pale ambapo kweli ina kosa, mwenyewe ameshaagiza nyingine isiyopatana na kitu hata kimoja alichonacho, imefika na basi kutoka Dar, na sasa anataka niilazimishe iingie.

Ndiyo maana haya nimeyapanga kwa malalamiko na si kwa vipuri. Tafuta lalamiko linalofanana na lako, soma chanzo chake, kisha uamue kama unahitaji bodi, na ya aina gani. Mazabodi, yaani bodi kuu ambamo vipuri vingine vyote huchomekwa, ni kama uwanja wa mpira: hata ukiwa mzuri namna gani, haufungi magoli. Wanaofunga ni kadi ya picha, prosesa na ramu. Bodi inaamua prosesa gani itakaa, ramu gani itachomekwa, na umeme utawafikiaje.

Anza kwa kujua ulichonacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona jina la bodi na toleo la BIOS (programu ndogo iliyomo ndani ya bodi, inayoiamsha kompyuta) pamoja na tarehe yake. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha soketi (kiti cha prosesa) na chipseti (chipu ya bodi inayoamua bodi inakubali nini). Vipige picha kwa simu. Muuzaji akikuuliza una bodi gani, mwonyeshe picha, maana jibu la "ile nyeusi ndefu" halimsaidii mtu.

"Gemu zinasuasua, bodi imezeeka"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na ndilo ambalo bodi husingiziwa sana. Cheza kama kawaida kwa dakika kumi huku Task Manager ikiwa wazi nyuma. Angalia namba mbili: matumizi ya prosesa na matumizi ya kadi ya picha.

Kadi ikigota asilimia 95 kwenda juu huku prosesa ikiwa na nafasi, basi kadi ndiyo imefika mwisho wake. Bodi mpya hapo haitakuletea hata fremu moja, yaani hata picha moja zaidi kwa sekunde. Punguza ubora wa picha au tafuta kadi nyingine.

Ikiwa ni kinyume chake, prosesa imegota na kadi inafanya kazi nusu, basi prosesa ndiyo inayochelewesha msafara. Hata hapo usikimbilie bodi. Jiulize kwanza kama kuna prosesa kubwa zaidi inayokaa kwenye soketi hiyo hiyo. Mwenye Core i5-4570, ambayo ina viini 4 (vichwa vya kufanya kazi) na nyuzi 4 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja), anaweza kuweka Core i7-4770 yenye viini 4 na nyuzi 8 kwenye bodi ile ile. Mwenye Ryzen 5 1600 kwenye bodi ya chipseti ya B450 anaweza kupanda hadi Ryzen 5 5600, akisasisha BIOS kwanza. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na ikaja kubeba hadi mfululizo wa 5000. Kwa mtu anayejenga mashine yake kidogo kidogo, hiyo ni neema isiyopatikana upande wa Intel.

Kuna hali ya tatu: namba zote mbili ziko chini na bado gemu linasuasua. Hapo angalia ramu na joto. GB 8 zilizojaa pomoni zinatosha kukwamisha gemu la sasa, na kipande kimoja cha ramu badala ya viwili hupunguza kasi ya data kwa nusu. Joto nalo, kwa mji huu, mara nyingi ni vumbi. Vumbi letu jekundu la kiangazi hujishona kwenye hitsinki (chuma chenye mapezi kinachopoza) kama blanketi. Puliza kwa blowa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kurudisha umeme kwenye bodi au kuharibu beringi zake. Badilisha pesti ya prosesa. Wapo walioingia kwangu wakitafuta bodi wakatoka wamelipia usafi tu.

"Nimenunua bodi mpya, lakini waya za saplai haziingii"

Saplai ni kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili linawaumiza watu wetu kuliko yote.

Kompyuta nyingi za gemu za mtaani zilianza maisha ofisini. Unanunua Dell OptiPlex 7020 au 9020 ya mtumba, unachomeka GTX 1050 Ti, maisha yanasonga. Ni mpango mzuri tu: kadi hiyo hutumia wati 75, ambazo ndizo tundu la PCIe, lile la kuchomekea kadi, linaweza kutoa, hivyo haihitaji waya wa ziada. Shida inaanza siku unapotaka kubadilisha bodi.

Bodi za kawaida sokoni hupokea umeme kwa waya mkuu wa pini 24, na waya wa pembeni wa pini 4 au 8 kwa ajili ya prosesa. OptiPlex hizo waya wao mkuu ni wa pini 8 wa namna yao wenyewe. HP EliteDesk na ProDesk za ofisini nazo zina mpangilio wao. Kitufe cha kuwashia kina plagi yake, waya za mbele zina plagi yake, hata bati la nyuma lenye matundu ya USB huwa limekatwa kwa bodi moja tu. Ukichukua bodi ya kawaida ya B450 ukaipeleka kwenye kesi ile, matundu ya skrubu yanaweza yasikutane, saplai haitaingia, na kitufe hakitawasha kitu.

Adapta za kutoka pini 24 kwenda pini 8 zipo, ila zinafanya kazi upande mmoja: zinawezesha saplai ya kawaida iwashe bodi ya Dell. Hazikusaidii kutumia saplai ya Dell kwenye bodi mpya.

Kwa mwenye mashine ya aina hii, jibu langu ni moja, na huwa halipendwi. Hununui bodi. Unanunua bodi, prosesa, ramu, saplai na kesi. Ramu yake ya DDR3 haihami, maana DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi tofauti vya ramu visivyobadilishana tundu. Kinachohama ni kadi ya picha, SSD, monita na vitu vya USB. Kama hela haitoshi kwa vyote, weka i7 kwenye bodi ile ile, ongeza ramu, endelea kucheza huku ukikusanya. Usinunue bodi peke yake ukaiweka kabatini. Ukija kuitoa, muda wa dhamana utakuwa umeshaisha na hujui hata kama ilikuwa inawaka.

Kama kesi yako ni ya kawaida, bado pima. Bodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, microATX 244 kwa 244, na Mini-ITX 170 kwa 170. Ndogo inaingia kwenye kesi kubwa, kubwa haiingii kwenye ndogo. Kabla ya kufunga, kagua viguu vya shaba vinavyoinua bodi. Kiguu kilichobaki mahali pasipo na tundu la skrubu kitagusa mgongo wa bodi na kuleta shoti.

"Inawaka, feni zinazunguka, hakuna picha"

Fuata mpangilio huu, kwa sababu unaanza na mambo ya bure.

Kebo ya monita imechomekwa wapi? Ikiwa kwenye tundu la bodi na prosesa yako ni Intel yenye herufi F mwishoni, kama Core i5-12400F, au Ryzen ya AM4 isiyo na herufi G, picha haitatokea milele. Prosesa hizo hazina picha ya ndani. Chomeka kwenye kadi.

Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 4 au 8 unaokaa kona ya juu kushoto, umechomekwa? Feni huzunguka hata bila huo waya, ndiyo maana watu hudanganyika.

Toa ramu, futa meno yake, rudisha kipande kimoja kwenye tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vikiwa viwili, weka la pili na la nne. Kama bodi ni ya DDR5, ukishawasha, tulia. Mara ya kwanza bodi hizo huipima ramu kwa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, na mwenye haraka anayezima katikati anaianzisha upya safari ile ile.

Bodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo za CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki imewaka ndiyo inayokuambia pa kutafuta. Ukiwa bado hujanunua, lipia bodi yenye taa hizo. Mimi naziheshimu kuliko taa za rangi zote za dunia.

Yote hayo yakishindikana, turudi kwenye chanzo ambacho ni kosa la ununuzi: bodi na prosesa havijuani.

Mtego mkubwa ni soketi ya LGA1151. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 zinakaa humo, na za kizazi cha 8 na 9 zinakaa humo pia. Pini ni idadi ile ile, zinaingia bila kulazimisha, lakini hazifanyi kazi kwenye bodi za wenzao. Kizazi cha 6 na 7 kinataka chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kama H110 na B250. Kizazi cha 8 na 9 kinataka mfululizo wa 300, kama H310, B360 au Z390. Kijana mmoja alinijia na i5-8400 na bodi ya H110, ameuziwa kwa maneno kwamba "soketi ni moja." Soketi ni moja kweli, lakini ndoa haipo.

LGA1200 inabeba kizazi cha 10 na 11, ila bodi za H410 na B460 kwa kawaida hazipokei kizazi cha 11. LGA1700 inabeba cha 12, 13 na 14. Bodi za mfululizo wa 600 zinahitaji BIOS mpya kabla ya kupokea 13 na 14. Upande wa AMD, B450 na B350 za zamani zinahitaji BIOS mpya kwa Ryzen 5000, na B550 haikuandaliwa kwa Ryzen za mfululizo wa 1000. AM5, iliyotoka mwaka 2022, haipokei prosesa yoyote ya AM4 na inataka DDR5 tu.

Ikiwa tatizo ni BIOS ya zamani, angalia nyuma ya bodi kama kuna kitufe cha BIOS Flashback. Hicho kinasasisha kwa flashi yenye mfumo wa FAT32 hata kama prosesa haijawekwa. Kama hakipo, itabidi uazime prosesa ya zamani inayokubaliwa. Fanya kazi hiyo kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, sasa ndiyo kweli utahitaji bodi mpya.

"Dakika ishirini za kwanza safi, halafu inashuka"

Hii ndiyo dalili inayostahili bodi mpya kwa haki, na ndiyo ambayo watu hawaitambui.

Prosesa haili umeme wa volti 12 unaotoka kwenye saplai. Inataka volti kidogo tu, kama 1.2 hivi. Kazi ya kuushusha inafanywa na saketi iliyo pembeni mwa soketi, inayoitwa VRM. Ifikirie kama kituo cha kupoza umeme kule Zuzu: kinapokea mkubwa, kinaushusha, ndipo unaingia mitaani. Prosesa ikila wati 120 kwa volti 1.2, maana yake ampea 100 zinapita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. Lazima vipate moto. Bodi za bei ya chini huviacha uchi, bila hitsinki. Vikifika kikomo cha joto, bodi inaiamuru prosesa ipunguze mwendo ili isiungue.

Dalili zake ni hizi: joto la prosesa lenyewe ni la kawaida, tuseme nyuzi 70, lakini kasi yake inaporomoka ghafla, labda kutoka gigahezi 4 hadi chini ya 2, kisha inapanda, kisha inashuka. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba chenye bati lisilo na dari saa tisa mchana ni tanuri. Mashine iliyocheza vizuri Juni inaanza vituko.

Kipimo changu ni cha kienyeji na hakijaniangusha. Fungua ubavu wa kesi, elekeza feni ya mezani moja kwa moja kwenye eneo la soketi, cheza tena. Fremu zikirudi na kukaa, umepata mchawi wako. Feni ndogo ya kudumu inayopuliza pale inaweza kukutosha. Ikiwa umeweka Core i9 au Ryzen ya viini 12 kwenye bodi ya H610 au A320, feni ni panadoli tu, badilisha bodi.

Unapochagua, tazama picha ya bodi kabla ya kutazama bei. Pande mbili za soketi ziwe na vipande vya chuma vyenye mapezi, vizito, siyo plastiki ya urembo. Kwa Core i3 au i5 ya kawaida, H610 yenye hitsinki inatosha. Sioni sababu ya kumuuzia mtu Z790 aje aweke i5-12400F ambayo hata haipandishwi kasi. Kwa i7 nenda B760. Kwa Ryzen nenda B550 au B650. Tofauti ya hela unayookoa kwa kuacha chipseti ya juu iongeze kwenye kadi ya picha, ndiko fremu ziliko.

"Nimeweka kadi mpya, mwenzangu mwenye kadi hiyo hiyo ananizidi"

Nilisema bodi haifungi magoli. Hapa najirudi kidogo. Kadi kama RX 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 njia hizo zinatosha. Kwenye bodi ya PCIe 3.0 uwezo wa kila njia ni nusu, na fremu zinapotea, hasa kumbukumbu ya kadi ikijaa. Chagua bodi ya B550 au ya Intel mfululizo wa 500 kwenda juu, na prosesa yenye PCIe 4.0 pia: Ryzen 5 5600G, kwa mfano, inaishia 3.0. Kadi zenye njia 16 haziumii kiasi hicho.

"Ramu ya 3200 inasoma 2133"

Bodi si mbovu. Ingia BIOS, washa XMP, au DOCP, au EXPO, kutegemea bodi: ni majina ya mpangilio unaoiruhusu ramu ikimbie kasi yake kamili. Basi. Ila ukinunua bodi ya LGA1700 soma jina lake hadi mwisho: zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na ramu moja haiingii kwenye tundu la nyingine kwa sababu pengo la meno liko mahali tofauti.

"SSD haionekani"

SSD ndogo bapa zinazochomekwa kwenye tundu la M.2 ziko za aina mbili: za SATA na za NVMe. Kuna matundu yanayopokea aina moja tu. Na kwenye bodi nyingi, ukijaza tundu la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Disk ile ya zamani "ikifa" ghafla, ihamishie tundu jingine kwanza.

"Bodi imekaa vizuri, Windows haifunguki, au Valorant inagoma"

Disk iliyowekwa Windows zamani huenda imegawanywa kwa MBR, mpangilio wa kizamani, na bodi nyingi mpya zinawasha kwa UEFI pekee, yaani BIOS ya kisasa inayotaka mpangilio mpya wa GPT. Kabla ya kung'oa bodi ya zamani, hifadhi mafaili yako kisha igeuze disk kuwa GPT kwa mbr2gpt, chombo ambacho kimo ndani ya Windows 10 na 11. Gemu la Valorant kwenye Windows 11 linadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi unaowashwa ndani ya BIOS. TPM itafute kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya ofisini imefungwa kwenye bodi ile, haitahama nawe. Na kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, bodi unayonunua leo iwe ya prosesa inayokubalika Windows 11, yaani Intel kizazi cha 8 au Ryzen nyingi za 2000 kwenda mbele.

Wengi pia husahau intaneti. Bodi nyingi za bei nafuu hazina Wi-Fi. Kwa kuanzia, simu ikiunganishwa kwa kebo ya USB itakuvusha.

"Nimeipata ya mtumba, bei ya kutupa"

Sizungumzii Mtumba ya Mji wa Serikali, ingawa mteja mmoja wa huko alinitania kwamba kila kitu chake ni cha Mtumba. Bodi iliyotumika inafaa ukiikagua. Kapasita zenye vichwa vilivyovimba, kataa. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, hiyo ni betri ya CR2032 tu, jambo dogo. Jaribu kila tundu la USB na kila tundu la ramu, maana bodi iliyopigwa na umeme wa kurudi kwa kishindo mara nyingi hupoteza vipande vipande. Kisha washa tochi ya simu, tazama ndani ya soketi kwa pembe, upande mmoja hadi mwingine. Kwenye Intel na AM5 pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama nywele, na zinapaswa kumeta kwa mstari mmoja ulionyooka. Doa moja lisilometa ni pini iliyolala.

Jaribio lifanyike mbele yako. Ukiwa Kariakoo, hata kama treni ya kurudi inakuita, bodi iwashwe na prosesa yako, uione BIOS kwa macho. Na kifuniko cha plastiki cha soketi usikitupe ukishafunga prosesa. Kiweke ndani ya boksi la bodi, kwa sababu siku ukitaka kuirudisha, hicho ndicho kitu cha kwanza muuzaji atakachokuuliza.